Kinga Nzito ya Sista Wilhelmina

Kila asubuhi, kabla hajamwagia maji kibaraza cha duka, Kashindye alichomeka testa kwenye soketi ya ukutani akasubiri kitaa kiwake. Kikiwaka alisema, "Haya, umeamka," kama anayemsalimia mtu. Miaka kumi na minne alikuwa akiuza vifaa vya umeme katika duka la Machibya, mjini Mwanza, na watu walimjua kwa mkono wake.

Mkono, ndiyo. Kinga ya umeme, kile kikasha cha kulinda vyombo umeme unapozidi, haikusomwa maandishi, ilipimwa kiganjani. "Nzito ndiyo yenye shaba," aliwafundisha wateja tangu enzi za bidhaa kutafutwa kwa tochi, na ilikuwa kweli. Halafu biashara ikafunguliwa, makasha ya kinga kutoka nje yakamiminika, na huko zinakotengenezwa mtu akajua kwamba sisi tunapima kwa kiganja. Siku moja Kashindye alifungua kinga mpya iliyoanguka. Ndani alikuta bonge la saruji.

Alimwonyesha Machibya.

"Umeajiriwa kupasua au kuuza?" Machibya akacheka. "Funga hiyo, mzee. Mteja hanunui matumbo."

Akaifunga.

Wiki hiyohiyo akaja Sista Wilhelmina, muuguzi wa kliniki ya kutembea. Gari lao lilikuwa nyumba kabisa. Watalii Wajerumani walizunguka nalo, wakaliachia misheni, lina vitanda, jiko na friji, ambayo sasa ilitunza chanjo za surua. Wakiegesha Pasiansi walivuta waya kutoka nyumba ya jirani.

"Shikamoo, baba Kashindye. Umeme ukikatika sawa, lakini ukirudi unatoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Nichagulie kinga ya gari zima."

Rafuni kinga zilikuwa mbili: moja ya zamani, ndogo, yenye vumbi, ya friji peke yake, nyingine mpya, nzito. Sista aliinua ile ndogo.

"Hili si kopo la sigara?" Akainua ile nzito. "Si wewe uliyetufundisha? Hii ndiyo."

Machibya alikuwa amekaa pembeni, anamwangalia Kashindye.

"Ndiyo, Sista," Kashindye akasema. "Hiyo."

Jumamosi iliyofuata Sista alirudi, kinga ameifunga ndani ya khanga.

"Imeungua, na friji nayo. Chanjo zote zimepata joto. Kule Kamanga, ng'ambo ya ziwa, akina mama waliotembea tangu alfajiri nimewarudisha. Nimewaambia mwezi ujao, kama surua itatusubiri." Akaiweka mezani. "Sikuja kugomba, baba. Nadhani nilichomeka vibaya mimi. Dereva ananicheka, eti mikono yangu inajua sindano tu. Tumeazimwa friji nyingine. Nichagulie tena, mkono wako nauamini."

Angetukana ingekuwa nafuu. Kashindye alichukua bisibisi, akaifungua kinga mbele yake. Saruji ikaanguka mezani.

"Nilijua, Sista."

"Ulijua lini?"

"Kabla hujaja kununua."

Sista akaigusa saruji kwa kidole.

"Mzee, umerogwa?" Machibya akauliza.

 Kashindye aliteremsha ile ndogo, akaifuta vumbi kwa shati lake, akampa Sista. "Hii ni ya friji tu. Ya gari zima hapa hatuna, asikudanganye mtu." Hakuweza kumtazama usoni.

Akaacha testa juu ya meza, kando ya saruji. Akapita kwenye kibaraza alichokuwa amekimwagia maji mwenyewe, nyayo zake zikabaki kwenye unyevu mpaka jua lilipozikausha. Hakurudi, hata siku ya mshahara.