Spika wa Rodi Kopany na X Yake

Ukipita Rodi Kopany, huku Homa Bay, asubuhi, utasikia bunge kabla uone kibanda. Spika ni Nyasuguta, mama wa chai na mandazi, binti wa Kisii, au Nyar Kisii kama Waluo wanavyomwita, aliyeletwa huku Uluoni na ndoa, akaja na mdomo wake wote. Sheria ya bunge ni moja tu: anayeshika mwiko ndiye anaongea. Ukiongea bila mwiko, chai yako inakuja bila sukari.

Hapo dunia yote imeshajengwa na kubomolewa. Barnabas, fundi wa nguo, hutetea wanyonge: sawa, treni ya Addis ni poa, lakini waliohamishwa walienda wapi? Joash wa boda, mtu wa TikTok, yeye ni Dubai, Dubai, Dubai. Halafu Nyasuguta anachukua mwiko na kutoa uamuzi uleule wa kila siku.

"Hakuna maendeleo bila kubomoa. Kama umekaa njiani, toka. Barabara haiwezi kupinda juu yako."

Sasa, Jumamosi bunge haliketi, Spika yuko kanisani Sabato. Na ni Jumamosi watu wa barabara walikuja na rangi nyekundu. Jumapili Nyasuguta akakuta X kubwa, alama ya kubomolewa, kwa bati la mbele, chini ya mahali ameandika CHAI MOTO. Kibanda chake kilikuwa kimekaa ndani ya barabara.

Barnabas akafika, akaangalia, akavua kofia kama mtu ameingia matangani.

"Spika, maendeleo imekuja kukusalimia."

"Nyamaza. Hauna mwiko."

"Nipe basi."

Hakumpa. Hicho kibanda ndicho kinamlisha yeye na watoto, hana kingine. Amebomoa dunia nzima na mdomo, na sasa hajui aanzie wapi kuokoa mabati yake.

"Si useme tu barabara ipinde," Joash akamwambia. "Hata Dubai wanapindaga."

"Dubai gani?" Nyasuguta akamrukia. "Si ulisema huko wanajenga mpaka juu ya maji?"

"Basi tuandamane ama tukuhamishe, Nyar Kisii?" Joash akauliza.

Nyasuguta akachomeka mwiko kiunoni. "Siwezi kuandamana kupinga maneno yangu mwenyewe. Bebeni."

Nguzo zikang'olewa, kibanda kikainuliwa kizimakizima, wabunge wakiwa ndani, kila mtu na nguzo yake. Ukiwa nje unaona nyumba ina miguu, inatembea, na inabishana: Barnabas anauliza maskini wa dunia huwa wanabebewa nyumba na nani, Joash anamwambia ashike vizuri. Spika yuko mbele, anatembea kinyumenyume, anaelekeza na mwiko. Wakavuka mtaro, wakakitua nyuma ya vigingi vya mpaka wa barabara, salama kabisa. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyekumbuka kufuta X.

Jumatatu tingatinga likaja. Dereva, kijana wa Migori anaitwa Mwikwabe, akavuka mtaro, akasimama mbele ya kibanda.

"Mama, toa vitu. Nimeambiwa yenye iko na X, naangusha."

"Lakini imeshatoka kwa barabara."

"Mimi sisomi barabara. Nasoma X."

Nyasuguta akaangalia Joash. Joash akaangalia bati. Basi mama akamimina chai.

"Mgeni hapiti bunge bila kuchangia. Hoja ya leo: barabara za Migori na za Homa Bay, gani mbaya zaidi?"

Mwikwabe akazima injini. "Hiyo si hoja, mama. Hiyo ni matusi." Akaingia, akapewa mwiko. "Huko kwetu mvua ikinyesha, barabara tunaiita mto, na hatukosei."

"Nyinyi angalau mko na mto," Barnabas akamjibu. "Sisi tuko na matope tu."

Nje, Joash anang'oa misumari ya bati lenye X. Kila nyundo ikilia, wabunge ndani wanagonga meza kumpongeza mgeni. Mgeni anazidi kunoga.

Alipotoka akijipangusa mafuta ya mandazi, Mwikwabe alizunguka kibanda chote.

"Ilikuwa hapa."

"Nini?" Nyasuguta akauliza.

Mwikwabe akamwona Joash, misumari bado mdomoni. Akatingisha kichwa. "Kesho mnajadili nini?" Akapanda tingatinga lake, akaenda.

Bati liligeuzwa, kwa hivyo X iko ndani, juu ya kiti cha Spika, pamoja na CHAI MOTO. Siku hizi Nyasuguta akianza na hakuna maendeleo bila kubomoa, Barnabas haombi hata mwiko. Anainua kidevu tu, anaangalia juu. Na Spika anamwongezea sukari.