Grisi ya Ijumaa

Ijumaa kwetu ilinukia grisi. Nyumba za jirani, huku kwetu Nyamira, zilinukia sabuni na ugali wa wimbi uliosongwa mapema, maana sisi Wasabato hatupiki siku ya Sabato, lakini nyumbani mwetu harufu hizo zote zilizidiwa na mikono ya baba. Alikuwa fundi wa mafeni katika kiwanda cha chai kilichokuwa ng'ambo ya bonde, miaka ile ya sabini. Mafeni yale makubwa yalipuliza hewa chini ya majani mabichi yaliyotandazwa juu ya nyavu, majani yakanyauka taratibu kabla ya kusagwa. Feni likisimama, majani hupata joto, hugeuka mekundu, na kazi ya kijiji kizima huenda na maji. Baba alisugua mikono kwa majivu, akasugua kwa mchanga, na bado jua lilipozama tukapiga magoti kuomba, mimi niliyekuwa kando yake nilinusa mota ya feni badala ya kusikia sala.

Kazi ile aliipata kwa sharti. Meneja, mtu wa kuja, mkali lakini si mbaya, alimwambia, "Ombati, Jumamosi nimekupa. Lakini mota ikianza kukuhitaji Jumamosi, utafanya kazi kama wenzako." Baba alikubali, na tangu hapo Sabato yake ikawa mikononi mwa mashine. Kwake hilo halikuwa jambo dogo. Alikuwa tayari kurudi kulima migomba kuliko kushika spana siku ya Bwana, na sisi nyumbani tulijua hivyo, na tulijua pia kwamba shamba letu halikututosha.

Basi mvua ndefu za mwaka mmoja zikaja na majani yasiyo na mwisho. Mafeni hayakupumzika usiku wala mchana, na mota ya feni la mwisho ikaanza kuchemka. Ijumaa ni siku ya maandalio, na maandalio kwetu maana yake ni maradufu: mama alipika mara mbili, sisi wasichana tuliteka maji mara mbili, kuni zikapasuliwa za leo na za kesho. Baba naye akailisha mota grisi mara mbili, ili ivuke Sabato bila kumwita. Jumapili aliikuta ina joto zaidi. Akasema ina njaa, na Ijumaa iliyofuata akaiongezea. Ikazidi kuchemka, naye akazidi kuongeza. Hata mimi niliona yuko sawa kabisa, kwani si hata mana ya Waisraeli jangwani iliokotwa maradufu siku ya sita?

Kanisa letu lilikuwa juu kilimani, likitazamana na kiwanda, na mngurumo wa mafeni uliingia dirishani pamoja na baridi. Mimi sikuzaliwa mtoto wa kutulia, lakini msimu ule benchi lilinichoma. Wanaume walikaa upande wao, nami kutoka upande wa akina mama nilitazama goti la baba. Sauti ya mota ikipanda, goti linatikisika. Ikishuka, anafumba macho, na wala si kwa sala. Nilimchukia mhubiri wa watu bure kwa kupaza sauti, maana alituzuia kusikia. Ilipofika saa ya kufunga Sabato nilichoka kuliko siku ya kuchuma chai.

Halafu ikaja ile Sabato. Katikati ya mahubiri mngurumo uligeuka mkwaruzo, na muda si muda mfanyakazi mmoja wa kiwandani akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Baba Kerubo," alinong'ona, akimwita kwa jina langu, na kanisa zima likasikia, "inatoa moshi. Meneja anakuita." Baba hakuinuka. Alimtazama mzee wa kanisa, naye mzee akatazama Biblia yake. Aliyesimama ni mama. "Majani ya watu yako mle," alisema. "Enda." Baba akaenda akiwa na koti lake la Sabato, nami nikaponyoka nyuma yake kabla mama hajanishika gauni.

Kiwandani aliigusa mota, akaurudisha mkono haraka. Akachukua pampu ya grisi kama kawaida yake, aiongezee. Ndipo alipoona grisi nyeusi inachuruzika kandokando ya mhimili, nyepesi kama uji. Akaichota kwa kidole, akainusa. "Hii haina njaa," alisema. "Imevimbiwa." Akanipa koti nilishike, akafungua kizibo cha chini huku feni likizunguka, na grisi iliyoungua ikamwagika na kumwagika, ile yote ya Ijumaa zetu. Kilio cha mota kikashuka polepole. Mimi niliruka kwa furaha. Baba aliketi juu ya kreti, mikono myeusi juu ya suruali ya kanisani. "Sabato nimeiharibu mwenyewe, Kerubo," alisema. "Kwa kuilinda." Nilitaka kulia, na nilikasirika na meneja, na grisi, na Mungu kidogo.

Meneja alikagua majani, akayakuta hayajageuka mekundu, akasema tu, "Tutaona Jumamosi ijayo." Ijumaa iliyofuata baba aliipa mota grisi kidogo tu, akaacha kizibo wazi mpaka iliyozidi ikatoka, akafunga. Jumamosi ikanguruma vizuri kutwa nzima. Hakuitwa tena, na Sabato ikabaki yake hadi alipostaafu. Lakini pumziko halikurudi. Hata tulipokwenda kwenye makambi ya kanisa, kule Nyanchwa, ambako hakuna mota ya kiwanda inayosikika, nilimwona ameinamisha kichwa anatega sikio, na goti linatikisika.

Siku hizi naishi Kisii mjini. Nasikia mota za sasa zinakuja na grisi yake ndani, zimefungwa, hazimwombi mtu kitu. Watu wana starehe ambazo baba hakuziota, na bado kanisani naona magoti yanatikisika, kila mmoja na simu yake mfukoni. Mimi mwenyewe siwezi kupita friji nisiiguse mgongo kuona kama imepata joto.

Baba alipozeeka masikio yake yalikufa kabisa. Nilikwenda nyumbani nikampeleka kanisani, lile lile la kilimani, nikaketi kando yake, kwa kuwa sasa wanaume na wanawake hawatengani tena. Katikati ya mahubiri aliniinamia, akauliza kwa ile sauti kubwa ya viziwi, "Kerubo, inalia sawa?" Watu wakageuka. Ng'ambo ya bonde kitu kilikuwa kinakwaruza, nilikisikia vizuri. Nikamwitikia kwa kichwa. Goti lake likatulia, akafumba macho, na kabla ya wimbo wa mwisho alikuwa amelala usingizi.