Risala ya Bibi na Fomu ya Maktaba

Bibi yangu aliandika kitabu, na maktaba ikaandika kwamba hajui kuandika. Naanzia hapo hapo, maana nikianzia mbali nitazunguka, na hili jambo limeshanizungusha vya kutosha.

Alikuwa mkunga. Alikuja Tunduma kutoka pwani akimfuata babu, dereva wa malori ya kwenda Zambia, na babu alipofariki hakurudi kwao. Wanawake walimjia kutoka Ndalambo na Msangano wakibebwa kwa baiskeli. Wengine walivuka mpaka kutoka ng'ambo wakimsalimia kwa Kibemba, naye akawajibu kwa Kibemba chake cha kununulia samaki sokoni. Kila alichojifunza kwa wanawake hao alikiandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu, lile la makarani. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, lakini lugha ilikuwa Kiswahili tupu. Ndivyo alivyofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani, yeye na dada zake, kabla hajaona shule ya serikali kwa macho.

Mwenyewe alikiita risala. Aliigawa kwa milango kama vitabu vya wanazuoni: mlango wa mimba, mlango wa uchungu, mlango wa kondo la nyuma, mlango wa mtoto asiyelia. Alikuwa akinisomea nikichambua mchele. Nakumbuka mlango mmoja ulivyoanza: "Mzazi akiletwa anatetemeka, mfunike kwanza, maswali yaje baadaye." Baridi ya kwetu mwezi wa Juni aliijua vizuri, na aliwajua pia wakunga wanaopenda kuhoji kabla ya kusaidia.

Lakini nenda naye ofisini uone. Iwe kliniki, iwe kwa mtendaji wa kata, iwe kujiandikisha kura, alipewa kalamu akaandika jina lake, na karani akalitazama akacheka. "Bibi, tuandikie kwa Kiswahili." "Hiki ni Kiswahili, mwanangu." Basi karani anavuta kile kidude cha wino na kumshika kidole gumba. Miaka ikaenda hivyo, mpaka akafika mahali akiingia ofisi yoyote anatoa kidole mwenyewe kabla hajaambiwa. Nilikuwa nakiona kitendo hicho na sikusema neno. Niliona ndivyo ofisi zilivyo.

Mchwa ndio waliotupeleka maktaba. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na siku moja Bibi alifungua sanduku akakuta wametafuna kona ya jalada. Wiki hiyo hiyo shuleni kwangu, maana mimi ni mwalimu, ilikuja barua ya maktaba moja kubwa ya mjini. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Walikuwa wanaomba watu wawapelekee maandiko ya zamani yahifadhiwe kwenye chumba cha nyaraka. Nikamweleza Bibi. Baada ya siku kadhaa akaniita.

"Nitakitoa," akasema. "Lakini waandike kwamba nimekiandika mimi. Sitaki kingine."

Tukapanda basi. Karani wa maktaba alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu nyingi, kwa sababu aliona zile herufi akadhani ni msahafu. Bibi akamwambia siyo, ni habari za uzazi, na mwandishi ni yeye. Karani akaitikia "sawa, bibi," kama mtu anayemwitikia mtoto. Akanipa mimi fomu nijaze, akamsogezea Bibi wino. Nikajaza, Bibi akabonyeza kidole, tukarudi Tunduma. Njia nzima alikuwa na furaha kama ametoka kuoza binti.

Miaka michache baadaye nilikwenda mji huo kwa semina ya walimu. Nikapita maktaba nione risala inavyoendelea. Nikaonyeshwa kadi yake kwenye droo. Mwandishi: hajulikani. Lugha: Kiarabu. Somo: dini.

Mambo matatu, na yote matatu uongo. Niliisoma ile kadi mara ya pili. Nikamwambia karani, huyu alikuwa mwingine, kwamba mwandishi anajulikana, yuko nyumbani kwangu sasa hivi anakunywa uji. Akanijibu kwamba wao wanafuata kumbukumbu zilizopo, kama nina pingamizi niandike barua. Nikaandika barua. Nikajibiwa kwamba barua imepokelewa. Nikaandika nyingine, nikajibiwa kwamba ile ya kwanza inashughulikiwa. Na kila nikitoka posta Bibi ananiuliza, "Wameandika?" Mara moja nilimdanganya nikasema wako mbioni. Sijui hata nilimaanisha mbio gani.

Mwisho nikachoka. Bibi alikuwa ameanza kuvimba miguu, nikaona nikisubiri barua ya tatu atanifia mikononi hajatambuliwa. Nikamfunika blanketi, nikampandisha basi, tukaenda wenyewe.

Tulipokewa na mkuu wa chumba cha nyaraka, baba mmoja mpole kutoka milima ya Mbozi, mtu wa kahawa na kanisa, amevaa tai. Alimwamkia Bibi shikamoo vizuri kabisa, akamtafutia kiti chenye mto. Heshima tulipewa, siwezi kusema uongo. Kilichoniudhi ni kwamba heshima ndiyo iliyokuwa mwisho wa msaada.

"Mama mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "nakuelewa. Ila fomu ya mletaji wa kitabu hiki inasema hajui kusoma wala kuandika. Sasa asiyejua kuandika ataandikaje kitabu? Na mimi nikibadilisha kadi, mkaguzi akija nitamwambia nini?"

Nikamjia juu. Nikamuuliza ni mjinga gani aliyejaza upuuzi huo. Niliyasema kwa sauti, wasomaji wa chumba cha pili wakageuka. Yeye alifungua faili, akatoa karatasi, akaigeuza upande wangu.

Ulikuwa mwandiko wangu. Ule mwandiko wa ubaoni, wa duara, ninaojivunia. Palipoandikwa "Anajua kusoma na kuandika" niliandika kwa mkono wangu, Hapana, nikapiga na mstari chini yake. Hakuna aliyenishurutisha. Nilikuwa nafundisha pia darasa la watu wazima siku zile, na kwenye rejista yetu asiyejua a, e, i, o, u alikuwa hajui kusoma, basi. Mtu aliyekuwa akinisomea kitabu nikichambua mchele nilimweka kundi hilo bila kufikiri hata sekunde moja. Nilimtafuta mjinga, nikamkuta.

Bibi hakuwa na miwani yenye maana, lakini alituona tumeinamia karatasi. Akauliza kuna nini. Nikamwambia ukweli. Akasema, "Nileteeni kitabu changu."

Kikaletwa. Baba wa nyaraka akakiweka mezani akakifungua, na akakifungua upande wa nyuma, kama vitabu vinavyosomwa kushoto kwenda kulia. Bibi akakigeuza. Akakisogeza karibu na uso, akaanza kusoma mlango wa mtoto asiyelia, polepole, kidole kikitembea kwenda kushoto. Akaeleza namna ya kumsafisha mtoto kinywa, namna ya kumsugua mgongo, na habari za mwanamke wa Msangano aliyemleta wa kwanza wa namna hiyo. Karani wa mlangoni akaja akasimama. Hakuna aliyecheka.

Alipomaliza, yule baba akakohoa. Akasema amesikia, ila yeye herufi hizo hazijui, hawezi kuthibitisha kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa, huenda bibi amekariri. Akanigeukia mimi nithibitishe. Na mimi nilikuwa nimeacha chuo juzuu ya kwanza. Zingewekwa irabu ningeweza kubabaisha, lakini mwandiko wa Bibi wa haraka haraka ulinishinda. Kwa hiyo tulikuwa watu wanne ndani ya chumba kile, mwenye tai, karani, mwalimu na Bibi, na aliyejua kukisoma kile kitabu alikuwa mmoja tu. Ndiye tuliyemwandika hajui kusoma.

Nikaomba karatasi. Nikaandika kwamba mimi, niliyejaza fomu ile, nilikosea, na mwandishi wa risala ni huyu aliyekaa hapa. Nikatia sahihi. Yule baba akaipokea, akaigonga muhuri, akaahidi kubadilisha kadi. Bibi akaombwa naye aweke alama, na karani, kwa mazoea tu, akamsogezea wino. Bibi akausukuma pembeni kwa kiganja. Akachukua kalamu akaandika jina lake lote na la baba yake, kulia kwenda kushoto, na hakuna aliyemwambia aandike kwa Kiswahili.

Kwenye basi nikamwomba msamaha. Akasema, "Umeshaandika, yamekwisha." Kwangu hayakwisha.

Alifariki masika yaliyofuata. Baada ya arobaini nikarudi maktaba peke yangu. Yule baba alikuwa amehamishwa, nikamkuta kijana msomi, mchangamfu, anajua kazi. Akavuta droo mwenyewe akanitolea kadi mpya, imepigwa chapa safi. Jina la Bibi lilikuwa pale, kamili, halikukosewa herufi hata moja. Lugha: Kiswahili. Somo: uzazi. Machozi yakanijaa. Nikamalizia kusoma mstari wa mwisho, pale pa maelezo kuhusu mwandishi: "Hajui kusoma wala kuandika, kwa mujibu wa fomu."

Nikamuuliza kijana hiyo inawezekanaje. Akaangalia kadi, akaangalia faili, akasema zote mbili zimo kwenye kumbukumbu, fomu na barua, na zote zimejazwa na mtu mmoja. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa ananisomea mwandiko wangu.

Nikamwomba kalamu. Akasema samahani mama, humu ndani kalamu haziruhusiwi, ni penseli tu. Nikaichukua penseli yake, nikaukatakata ule mstari wa mwisho mpaka kadi ikatoboka.