Usukani wa Gari la Tajiri

Harufu ya grisi hunirudisha, hata leo, katika ghala la chini ya nyumba yetu ya Kibokoni. Si grisi peke yake. Ilichanganyika na petroli, na ngozi kuukuu ya viti iliyolowa na kukauka miaka nenda miaka rudi, na moshi wa udi uliopenya kwenye mbao za dari kila mama alipofukiza nguo juu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nina miaka kumi na mmoja, na kwa msimu mmoja wa kaskazi ghala lile lilihifadhi gari dogo jekundu la watu wawili. Lilikuwa la mwajiri wa baba, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekaa Kizingo, ambaye baba alimwita Tajiri, nasi tukafuata. Alilinunua katika ujana wake ili akimbie nalo barabara za pwani, na baba alisema siku hizo lilikuwa likipita watu wanageuza shingo. Sasa milango ilikuwa imeota kutu na turubai la paa limechanika, lakini ubovu wake hasa ulikuwa usukani. Ukiushika ulipanda na kushuka, ukaenda kulia na kushoto pamoja na mti wake mzima, ile nguzo ya chuma inayoushikilia, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Tajiri alikuwa anamwoza mwanawe, na alitaka kijana apelekwe msikitini kwenye nikaha ndani ya gari lile, akiendeshwa na baba. Baba ndiye aliyempeleka kijana huyo shule tangu darasa la kwanza. Alikuwa ameendesha magari ya nyumba ile miaka ishirini bila kukwaruza hata mlango, na jina lake mtaani lilikuwa Salim Dereva, wala hakuwa na jina jingine wala kazi nyingine. Alipoambiwa habari ya nikaha alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo sikupata kuiona tena. Alisema usukani ataufunga mwenyewe, kwa sababu gari litakalombeba bwana harusi halikabidhiwi fundi wa njiani.

Nalazimika kusema sasa jambo ambalo nyumbani kwetu halikusemwa. Mkono wa kushoto wa baba ulikuwa umeanza kutetemeka. Ulianza na kidole gumba, ukapanda kidogo kidogo. Mama hakuuliza. Alianza tu kumtilia chai nusu kikombe ili isimwagike, na asubuhi akawa anamfunga vifungo vya shati huku akimzungumzia mambo mengine. Sisi watoto tulijifunza kutazama pembeni. Mtaa wetu ulisifika kwa jambo hilo: mtu akiwa na aibu watu humsitiri, na ukimwona jirani anajikwaa unaanza kulilaumu jiwe kabla hajainuka. Methali ya mficha maradhi kifo humuumbua tuliijua vizuri, mimi mwenyewe niliiandikia insha shuleni nikasifiwa mbele ya darasa. Ilibaki huko huko shuleni.

Kila siku baada ya Alasiri baba alilala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, nami nikakaa kwenye kiti cha dereva kuushika usukani. Aliniteua kwa kuwa nilikuwa mtulivu na nilijua kushika kitu bila kukiuliza maswali. Alifungua kifuniko cha mti wa usukani akakuta bolti mbili za kibano zimelegea, na bushi ya mpira, ile inayouzuia mti usigonge chuma, imelika na kubaki nyuzi. Alikwenda Makupa akachongewa bushi mpya na fundi wa malori. Aliitia, akakirudisha kibano, akakaza bolti kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, huku akipumua kwa nguvu. Halafu akaniuliza kutoka kule chini, "Bado wacheza?"

Niliuvuta, nikausukuma, nikauelekeza huku na huku. Ulikuwa umetulia kama nguzo ya nyumba. "Hauchezi, Baba," nikasema.

Akatoka, akajifuta mikono, akakaa yeye. Mara usukani ukaanza kutikisika. Nilitazama nikaona mkono wake ukitetemeka, nao usukani ukiufuata mkono. Baba alikunja uso akaniangalia, na katika macho yake nikaona hofu ambayo mtoto hapaswi kuiona kwa mzazi. "Mbona wacheza?" akauliza. Nilijua jibu. Ningeweza kulisema kwa maneno mawili. Badala yake nikafanya kama nilivyolelewa. "Ni kweli, Baba, wacheza. Mimi sikushika vizuri."

Uso wake ukalegea kwa faraja, akachukua spana akarudi chini. Siku kumi na zaidi zikapita hivyo. Alifungua kazi iliyokamilika akaifunga upya, akaongeza washa, kile kipete chembamba cha chini ya nati, akaitoa, akabadilisha nati ambazo hazikuwa na kosa. Kila alipouliza nilimjibu kwamba bado. Jirani yetu Ami Kombo, aliyeshinda barazani akishona kofia, alimwona siku moja akilitoa gari na usukani ukimtikisika mikononi. Aliinamisha macho kwenye sindano yake. "Gari za zamani ndivyo zilivyo, Bwana Salim," akasema. "Stelingi zake hazina imani." Wanaume wengine barazani wakaitikia. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Wote walikuwa wameuona mkono.

Nilimweleza mama, nikiwa nimembana jikoni. "Usukani hauchezi, Mama. Ni mkono wa Baba." Aliendelea kukuna nazi, akasema bila kuinua kichwa, "Mwanangu, babako ni dereva. Wamwambia mkono haufai kazi, halafu awe nani? Nyamaza." Nilinyamaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini hawakueleza ufanyeje nyumba nzima ikikubaliana kuuita ufa pambo.

Siku ya nikaha mama alimvika baba kanzu nyeupe, akamfunga vifungo. Gari lilikuwa limepigwa rangi likang'aa. Sisi tulisimama nje ya nyumba yetu, hatua chache kutoka msikitini, tukaliona likiingia mtaani polepole, bwana harusi ameketi kando ya baba na kilemba cha dhahabu. Lilikuwa likienda mwendo wa mtu anayetembea. Penye kona mkono wa kushoto wa baba uliruka, nikauona, usukani ukageuka nao, na gari likapanda kwenye baraza ya Ami Kombo naye amekaa. Ulisikika mlio mdogo mkavu. Ulikuwa mfupa wa mguu wake.

Kabla hajaanza kulia kwa maumivu, Ami Kombo alisema, na watu wote wakasikia, "Si yeye. Ni stelingi." Neno likapokelewa mdomo kwa mdomo, na hadi linafika msikitini lilikuwa limeshakuwa ukweli. Gari likavutwa siku ile ile kurudi Kizingo, baba hakupata nafasi ya kulikagua. Tajiri alikuja kesho yake, akakaa, akakataa chai. "Salim," akasema kwa upole, "ungeniambia kwamba hujui kuufunga, ningempa fundi." Hakumtukana. Alimwambia tu asisumbuke kuja kazini tena.

Baba hakuendesha gari tena. Lililomla si kazi aliyoipoteza, wala si Ami Kombo, aliyechechemea hadi mwisho wa maisha yake na kila siku akamsalimia. Lilikuwa wazo kwamba nati moja aliiacha imelegea. Alizipanga njugu mezani kana kwamba ndizo bolti, akijaribu kukumbuka ni ipi ambayo hakuikaza. Bomba la jikoni lilipovuja alimwita mtu mwingine, akasema mikono yake haina uaminifu wa kazi. La kuvunda halina ubani.

Siku hizi mambo ni mengine. Mwalimu mwenzangu ana maradhi yale yale, anayataja kwa jina mbele ya wageni, anameza vidonge vyake mezani, anaomba mrija wa kunywea, na watu wanaendelea kula. Ninapomwona namwonea wivu, kisha naona uchungu, kwa sababu neno lililomwokoa yeye nilikuwa nalo mdomoni nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Nilipewa nafasi ya pili. Mwaka wa mwisho wa uhai wake, mikono yote miwili ikitetemeka juu ya shuka, baba aliniita karibu. "Rukia, wewe ndiwe uliyeushika usukani. Nambia kweli. Siku ile ulikuwa ukicheza?"

Nikafikiria mguu wa Ami Kombo, na kwamba nikisema haukucheza nitakuwa nimemwambia ni mkono wake ndio uliouvunja. "Ulikuwa ukicheza, Baba," nikasema.

Akafumba macho. "Basi kweli sikuijua kazi," akasema. Akafa akiamini hivyo, na usukani ule niliushika mwenyewe, bolti zake zilikuwa zimekaza.