Pumzi ya Kusalimia

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku nilipomfanya bibi wa miaka themanini apande mlima kuja kunipa pole ya msiba, na nyumbani kwetu hakuna aliyekufa. Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja, mama wa watoto wanne na fundi cherehani pale Endagikot. Jembe nilikuwa nimewaachia wengine. Mimi nilikaa kwenye kiti asubuhi mpaka jioni, nashona sare za shule na kula maandazi. Siku moja zahanati wakanipima presha, muuguzi akatikisa kichwa na kuniambia nifanye mazoezi. Mama yangu mzazi alitutoka kwa kiharusi akiwa na miaka hamsini na minane, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nikaanza kukimbia, maana barabara haina kiingilio na raba nilikuwa nazo.

Watu walisema Mama Yohana amechanganyikiwa. Nikawaacha waseme, na mbio zikaninogea. Mwaka haujaisha nikajiandikisha marathoni ya mji mmoja wa mbali, kilomita arobaini na mbili. Nilitoka mstarini mbio kama swala. Kufika kilomita ya ishirini na sita nikakaa chini kando ya barabara, nikachukuliwa na gari la walioshindwa pamoja na kijana mmoja aliyekuwa anatapika.

Nikarudi nyumbani na hasira. Nikanunua saa ya mkononi ya kuhesabu sekunde, nikaapa kila siku nitaishinda jana. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini mimi niliona hayo ni maneno ya watu wasio na saa. Miundi ya miguu ikaanza kuwaka moto, na badala ya mwendo kuongezeka ukawa unapungua. Nikajiambia mwezi huu ukiisha sijaona nafuu, naacha kabisa, narudi kwenye kiti changu. Na nilijua kiti kile kingenipeleka wapi.

Basi asubuhi moja nikawa nashuka njia ya Nambis. Kwenye kona ya pale chini alikaa Bibi Paskalina, mjane, anachagua maharage kwenye ungo. Tangu niolewe sikuwahi kupita kwake bila kumwamkia. Siku ile nikapita. Sitakudanganya kwamba sikumwona. Nilimwona, nikatazama saa, nikapiga hesabu kwamba shikamoo yake ingenila dakika nzima, kwa sababu Bibi Paskalina haishii kwenye marahaba. Lazima aulize watoto, kisha mume, kisha aulize na ng'ombe.

Nilizunguka nikarudi kwa njia ya juu baada ya zaidi ya saa moja. Nikamkuta jikoni kwetu, amekaa kwenye kigoda, amejifunga kitenge chake cha misibani, maharage yale ameyafunga kwenye kitambaa ameyaweka mapajani. Wanangu wamesimama ukutani, wananiangalia mimi niwaambie ni nani amekufa. Kwetu, mwanangu, mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia na akampita mkubwa bila kumwamkia, maana yake ni moja tu, na majirani hawasubiri kuitwa.

Nikainamisha kichwa nikampa shikamoo yake.

"Marahaba," akasema. "Nani ametutoka?"

Nikamwambia hakuna, bibi, nilikuwa mazoezini. Alikuwa bado anapumua kwa shida, maana ule mlima si mchezo kwa mwenye fimbo. Nilitamani anichape nayo yaishe.

"Kukimbia sikukatazi, Mama Yohana," akasema mwishoni. "Lakini mtu aliyekosa pumzi ya kusalimia, pumzi ya kufika ataipata wapi?"

Maharage akayaacha. Alisema hayarudi nyumbani, niwapikie watoto, maana nimewatisha.

Niliona aibu sana. Saa nikaitia kwenye droo ya cherehani, na kuanzia kesho yake kila mkubwa niliyemkuta njiani nilimsalimia mpaka akaitikia. Nilidhani natoa sadaka, kumbe napewa. Nikipanda mlima sikuweza kumaliza salamu bila kukatika sauti, kwa hiyo nikapunguza mwendo mpaka nikaweza. Vijana waliokwenda kisimani kwa miguu walikuwa wananipita wakicheka. Lakini baada ya wiki kama sita miundi ikatulia. Baada ya miezi mitatu nikaupanda mlima uleule nikiongea, na mwendo ulikuwa umeongezeka wenyewe. Mara moja kwa wiki nilikwenda kukimbia kwa kasi kwenye uwanja wa shule, ambako hakuna mzee wa kumkosea. Jumamosi nilikwenda mbali, na kila mwezi mbali zaidi kidogo.

Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja wa riadha kule Katesh aliniambia kwamba hata wakimbiaji wakubwa hufanya mazoezi mengi kwa mwendo wa kuweza kuongea. Nikamjibu kwamba mwalimu wangu mimi hajawahi kuvaa raba.

Lakini kabla ya hapo, mwaka ulipozunguka tu, nilirudi kwenye marathoni ileile. Kilomita ya thelathini na tatu kulikuwa na mzee amekaa mbele ya duka, nikamwamkia, na sauti ikatoka nzima. Nikajua nafika. Nililia huku nakimbia, mwanangu, kwa shukrani tu. Nilimaliza kwa saa tano na dakika kumi, na mwaka uliofuata kwa saa nne na nusu. Medali ya kwanza nilimpelekea Bibi Paskalina. Aliipima uzito mkononi, akauliza kama nyuma yangu walikuwepo watu. Nikasema walikuwepo. Akaridhika.

Bibi tulishamzika. Mimi mwaka huu nimetimiza miaka sitini, na bado nafunga kamba za viatu kila asubuhi. Mama yangu mzazi hakufika hapa. Namshukuru Mungu, na namshukuru yule bibi aliyekuja kunililia nikiwa bado hai.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu. Usiseme umri umekupita, anza hata kama watu watacheka, maana kicheko cha majirani hakijamvunja mtu mguu. Ila anza kwa mwendo utakaouweza na kesho. Kawia ufike. Usimfanye binadamu awe hasara ya sekunde zako, na mkubwa akikuonya, usimjibu kwa haraka. Huenda amepanda mlima kwa ajili yako. Siku hizi njiani wengi wananisalimia mimi, na wa kuwaamkia mimi wamebaki wachache mno. Mungu akupe kifua kipana na miguu ya kufika mbali, na huko utakakofika, akujalie umkute bado yupo mkubwa wa kukuitikia marahaba.