Suti ya Tano

Katika mkahawa mmoja hapa Eldoret, karibu na mlango wa choo, wametundika jalada la santuri yetu ndani ya fremu. Vijana watano wamesimama na suti za kijani na suruali za bugaluu, nywele zimechanwa zikasimama, nyuso wamezikunja kama watu waliodhulumiwa shamba. Yule wa mwisho, mwenye gita la besi, si mimi. Gita ni langu. Hata suti ni yangu, fundi alinipima mimi. Aliyeko ndani yake ni dereva wetu.

Sisi ndio tulioleta fanki katika mji huu, na hilo sitalisema kwa unyenyekevu. Watu walikuwa wamezoea rumba. Siku ya kwanza ukumbi mzima ulisimama ukatutazama tu, mikono mifukoni. Mimi nilikuwa nazichapa nyuzi kwa kidole gumba badala ya kuzibembeleza, na mzee mmoja akaja mbele kuniuliza lile gita limenikosea nini. Mwaka haukuisha, watu wakawa wanatoka Kitale na Kapsabet kuja kucheza. Tukaenda Nairobi, tukarekodi nyimbo nane kwa siku mbili. Kidole gumba unachokisikia mle, mwanzo hadi mwisho, ni hiki hiki ambacho siku hizi kinashindwa kufungua chupa ya dawa.

Siku ya kupigwa picha ya jalada nilikuwa Timboroa, nachimba viazi vya mama. Anayelima viazi ananielewa. Lori la mnunuzi haliji kwa miadi, na likija unachimba, hata kama ni siku ya harusi yako. Huku mjini mpiga picha alikuwa ameshafika, na suti tano zimeshashonwa. Kiongozi wetu alikuwa mtoto wa fundi cherehani, na kwake nguo mpya kubaki kwenye mfuko siku ya shughuli ni matusi kwa aliyeishona. Akatazama huku na huku, akamwona dereva amekaa kwenye pikapu anakula mahindi ya kuchoma. Suti ikamkaa kama yake.

Niliporudi na kuiona picha, nilicheka kuliko wote. Nilidhani jalada ni karatasi tu, kazi yake ni kuzuia vumbi. Majina yetu hayakuandikwa popote, na hakuna aliyejali, maana nani katika mji huu alikuwa hatujui?

Bendi ilikufa kama bendi zinavyokufa, mmoja ameoa, mwingine ameokoka. Nikawa karani katika ghala la nafaka hadi nikastaafu. Mke wangu akatangulia, watoto wakahamia mbali. Wanabendi wakaondoka mmoja mmoja. Alipofariki dereva, mtangazaji mmoja wa redio, aliyemjua kwa ile picha tu, alimwita baba wa besi, na wanawe wakasomewa sifa zile mbele ya jeneza. Nilikuwa palepale kwenye kiti cha plastiki. Nilikula wali nikanyamaza. Nani husimama mazishini kubishana na marehemu? Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na hasira iliyonitia aibu, kwa sababu yule bwana nilimpenda.

Mwaka huu akaja msichana mmoja mwandishi. Kuna wazungu wanaichapa upya santuri yetu, na yeye ndiye anayeandika kijitabu cha kuwekwa ndani yake. Nilimweleza habari za viazi na suti. Alisikiliza vizuri, halafu akatikisa kichwa.

"Mzee, mimi nakuamini. Lakini familia ya huyo dereva iko na picha. Wewe uko na story tu. Nipatie mtu mmoja wa bendi aseme ni wewe, na naandika jina lako."

Wa bendi aliyebaki ni mmoja, mpiga dramu, anayeishi kwa mwanawe kule Elgon View. Nilikuwa sijamwona kwa miaka. Nilijua anaumwa, sikujua anaumwa nini. Nilivaa koti langu la kanisani na tukaenda.

Mke wa mwanawe alitufungulia. "Karibuni. Siku zingine anajua watu, zingine hajui," akasema kwa sauti ya chini. "Msikasirike."

Alikuwa amekaa dirishani, shuka miguuni. Msichana akawasha simu irekodi. Nikavuta kiti hadi magoti yetu yakakaribiana, nikamsalimu. Alinitazama kwa muda mrefu, na mara uso ukafunguka.

"Dereva!" akasema. "Umechelewa, bwana. Gari iko wapi?"

Akanishika mkono kwa nguvu.

"Na yule wa besi? Amerudi kutoka Timboroa?"

Msichana akaniinamia. "Mzee, mwambie ni wewe."

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye wa besi. Nimerudi."

Akacheka, akanipiga kofi la mzaha begani. "Wewe dereva wacha mchezo. Besi ya yule jamaa utaiweza wewe? Hatupigi kitu bila yeye. Tumeamua. Ako wapi?"

Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniambia maneno hayo.

"Yuko hapa," nikasema. "Ameshafika."

Akauachia mkono wangu. Akajiinua kidogo kitini, akatazama mlangoni nyuma yangu, uso umejaa furaha ya kumpokea mtu. Furaha ile ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa nimemzibia njia ya kuona.