Mji Uliounganishwa kwa Gundi

Mara ya kwanza kuiona Dar es Salaam nilikuwa nimekaa chini kwenye uwanja wa baraza la mtemi, kijijini kwetu upande wa Iguguno, na mji wenyewe ulikuwa juu ya shuka jeupe lililofungwa kwenye nguzo mbili. Mama mkwe alikuwa kulia kwangu. Mwaka huo wazee walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba mimi ni mjane.

Hilo la ujane nilieleze kwanza, maana bila hilo hamtajua kwa nini niliitazama sinema namna nilivyoitazama.

Mume wangu aliondoka kutafuta kazi pwani. Ilikuwa zamani za Mwingereza, vijana wetu wengi walikuwa wakiondoka, wengine kwenye mkonge, wengine bandarini. Alipanda lori mpaka Manyoni, na pale Manyoni akapanda treni. Mwaka wa kwanza ikaja barua moja, kasisi akanisomea, maana mimi darasa la misheni nililisoma miezi mitano tu, baba akanitoa kwa sababu ya ndege waliokuwa wanamaliza uwele. Barua ilisema yu mzima. Baada ya hapo kimya. Mvua za pili zikanyesha, kimya. Mvua za tatu akaja mtu wa kijiji cha jirani anayetoka pwani, akasema, "Yule mwenye mkono wa kukunja? Huyo alikufa kwa homa zamani. Hata mvua za pili hakuziona."

Mkono wa kukunja ni kweli. Alipokuwa kijana alianguka mtini akirina asali, fundi wa mifupa akamfunga, mfupa ukaunga lakini kiwiko cha kushoto hakikunyooka tena. Akitembea, mkono ule ulikaa mbele ya tumbo, kama mtu aliyebeba kuku asiyeonekana. Tulipokuwa wachumba nilimcheka kwa hilo. Nilimuuliza kuku anataga lini.

Basi wazee wakakaa, wakasema tukishavuna mtama tutaketi matanga, na mimi nitarithiwa na kaka yake. Kaka yake hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa na mke tayari, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza maneno yake. Kila aliponikuta kisimani aliniita "mke mdogo", akacheka peke yake, akaenda. Mimi nilijaza mtungi na kurudi nyumbani na moyo mzito kuliko maji.

Kuna jambo lingine la kutangulia, la mfuko. Mvua za pili zilipokolea, kabla huyo mleta habari hajafika, nilimsukia mume wangu mfuko wa nyuzi za mbuyu, wa kutundika begani. Niliutia mistari miwili myeusi. Nyuzi nyeusi unazipata kwa kuzizika kwenye matope ya bwawani siku nyingi, na ukizitoa mapema zinakuwa za kijivu, hazina maana. Mimi zangu zilikuwa nyeusi vizuri, ila zilikuwa chache. Mstari wa pili uliishia nusu, na utingo wa lori la Manyoni, aliyekubali kuupeleka, alikuwa anapiga kelele kwamba hawangojei mtu. Nikampa mfuko hivyo hivyo, na nusu mstari wake. Utingo yule sikumwona tena, wala sikujua kama mfuko ulifika.

Sasa turudi kwenye shuka.

Gari la sinema lilikuja na mtu mmoja wa pwani mwenye kaptura ya kaki, ambaye tulimwita bwana sinema. Jua lilipozama aliwasha mashine yake ya umeme, ikanguruma kama simba mwenye mafua, naye akashika kipaza sauti atueleze tunachokiona. Picha yenyewe haikuwa na sauti. Ilikuwa ya kutufundisha habari ya kikohozi: baba mmoja ametoka bara na mtoto wake mgonjwa, ameshuka kwenye treni, anatafuta hospitali kubwa. Hadithi yote ni hiyo. Kwa kweli hadithi ilikuwa ndogo kama kidole, kikubwa kilikuwa mji.

Mpaka leo nashangaa jinsi ule mji ulivyotumiwa. Kwanza tuliuona kutoka juu. Mimi nilikuwa nimezoea kupanda majabali ya kwetu kutafuta mbuzi, najua kutazama chini, lakini sikuwa nimeona mapaa mengi vile, yamelala kama punje zilizoanikwa, hayana mwisho, na nyuma yake maji meupe ambayo nayo hayana mwisho. Watu wote uwanjani walinyamaza. Mzee mmoja akasema, "Na wote hao wanakula nini?"

Halafu picha ikashuka ghafla mpaka chini kabisa, kwenye miguu. Viatu, matairi, viatu. Yule baba na mtoto wake wakaonekana wadogo katikati ya miguu ya watu wasio na vichwa. Akimwendea mtu kumuuliza njia, tunauona mgongo wa yule mtu. Akifika kwenye mlango, mlango ni mrefu mara tatu yake. Hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja katika picha ile, hapakuwa na mwizi wala mchawi, na bado sote tuliogopa. Mji wenyewe ndio uliopewa kazi ya ubaya. Nilifikiri baadaye: aliyeipiga picha alizificha nyuso kwa makusudi, maana uso wa mtu ungetutuliza.

Baba yule akafika sokoni. Akasimama mbele kabisa, amemkumbatia mtoto, anageuka huku na huku. Nyuma yake wachukuzi wanapita na magunia. Akapita mmoja, gunia begani, mkono wa kushoto mbele ya tumbo, kama aliyebeba kuku.

Nikasimama. "Huyo! Huyo jamani!"

"Kaa chini, unatuzibia mji!" mtu akapiga kelele nyuma.

Nikageuka kuonyesha, nilipoangalia tena soko halipo, tuko kwenye ngazi za hospitali. Mama mkwe akanifinya paja, akanikalisha. Shemeji akacheka kama kawaida yake. "Kila mji una mtu wa mkono mbovu," akasema. "Ukitafuta huko hata mwenye macho matatu utampata."

Watu wakacheka naye. Mimi sikusikia tena habari ya kikohozi.

Baba mkwe, aliyekuwa ameketi na wazee, alingoja mpaka tulipofika nyumbani. Kwa desturi yetu ya siku zile, mkwe mwanamke na baba wa mume hawatazamani usoni, na maneno hawapeani moja kwa moja. Akiwa na neno kwangu, alilisema akitazama zizi, na mimi nililipokea nikitazama chini. Alikuwa mchungaji tangu utoto, saa aliijua kwa kivuli, na hakupenda kusema jambo mara mbili.

"Kuna mtu anasema amemwona mtu," akaliambia zizi. "Na mimi nimeona jambo. Yule mwenye mtoto alitoka stesheni kivuli chake kikiwa mbele. Akanyoosha njia, kona hakukata. Alipofika sokoni kivuli kiko nyuma yake. Nimechunga miaka mingi, sijaona jua likiruka namna hiyo."

"Maana yake nini, baba?"

"Maana yake mji ule umekatwa vipande. Na kitu kilichokatwa, mwenye kisu anaweza kukuonyesha kipande unachokitaka."

Alfajiri tukaondoka kwenda Iguguno, ambako gari lilikuwa limekwenda kulala. Yeye mbele, mimi nyuma hatua kama kumi, na mama mkwe katikati yetu ili watu wasiseme. Tukamkuta bwana sinema karibu na maduka, anaanika shati lake juu ya boneti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kwa habari ya jua lako."

Akamweleza kivuli cha mbele na kivuli cha nyuma. Bwana sinema alianza kucheka, halafu akaacha. "Mzee wangu, nimezunguka na gari hili nchi nzima. Watu wananiuliza linakula mafuta kiasi gani. Kivuli hajaniuliza mtu."

"Nimekuuliza mimi."

"Ni kweli. Stesheni walipiga asubuhi. Soko walipiga alasiri, tena pengine siku nyingine. Wanakata kwa mkasi, wanaunganisha kwa gundi. Hizo njia hazigusani hata kidogo. Ukitoka stesheni ile na kunyoosha mbele, soko hilo hulikuti."

Baba mkwe akatikisa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyeambiwa ng'ombe aliyemdai ni wake kweli. Kisha akalitazama gurudumu la gari, akaliambia, "Huyu mama anataka kuliona soko."

Bwana sinema akasema kulisimamisha shukani haiwezekani, picha ikisimama mbele ya taa inaungua. Lakini jua halina neno. Akatoa mkanda kwenye kopo lake, akaufungua taratibu kwa kitambaa safi, akaunyanyua juu ya kichwa changu, akanipa kioo kidogo cha kukuzia.

Jamani. Nimezaa, nimezika, nimeuona Uhuru ukija, lakini kitu kama kile sijakiona tena. Ule mji uliotunyamazisha kijiji kizima ulikuwa upana wa kidole changu. Yale mapaa, yale maji, ile miguu yote, imelala kwenye utepe, midogo kuliko kucha, inapitisha mwanga. Na haikuwa inakwenda! Yule baba alikuwa wengi, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja amesogea kidogo tu, unywele mmoja, na kila mmoja anafikiri yuko peke yake.

"Hapa stesheni," akasema bwana sinema. "Tazama hapa, ndipo gundi." Nikaona kovu jembamba limekatiza utepe. Juu ya kovu asubuhi, chini ya kovu alasiri. Baba mkwe naye akainama, akaligusa kwa ukucha, akasema polepole, "Ndiyo. Hapa ndipo jua liliporuka."

Chini ya kovu lilikuwa soko. Nikashuka na kioo, picha moja baada ya nyingine, mama mkwe amenishika mkono. Nikaliona gunia. Nikauona mkono. Uso ulikuwa kivulini mwa gunia, siwezi kuapa kwa uso. Nikazidi kushuka. Pale alipogeuka kidogo kumpisha mwenzake, kitu kikatokeza nyonga yake ya kulia. Mfuko. Mistari miwili myeusi, na wa pili umeishia nusu.

Nilijua mpaka mahali nyuzi ziliponiishia.

Nikapiga magoti mavumbini. Baba mkwe akasahau desturi, akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu niolewe. "Ni yeye?"

"Ni mfuko wangu, baba. Niliutuma mvua za pili. Aliyekufa kabla ya mvua za pili ameuvaaje?"

Mama mkwe alianza kulia na kucheka. Bwana sinema ndiye aliyetutia baridi. "Mama, nisikudanganye," akasema. "Picha hii ni ya mwaka jana. Inasema alikuwepo. Haisemi yupo."

Hilo nalo likaniingia. Mkanda ule ulikuwa umemshika mtu katika hatua chache, kabla yake hakuna, baada yake hakuna. Nikamwomba akirudi pwani amtafute: mchukuzi, mkono wa kukunja, mfuko wenye nusu mstari. Akaandika kwenye kikaratasi, akakitia ndani ya kopo la picha.

Jioni wazee wakakaa. Shemeji akasema mambo ya sinema ni kiini macho. Baba mkwe akawaeleza kivuli, kovu na mfuko, yeye ambaye hakupenda kusema jambo mara mbili akalisema mara tatu, kisha akamaliza: "Matanga hayaketiwi kwa mtu aliyebeba gunia. Tungoje mavuno mengine."

Tukangoja. Sitasema nilikuwa na imani. Usiku mwingine niliamini, asubuhi nikikutana na shemeji kisimani niliacha kuamini.

Alirudi mchana, mavuno yale mengine yakiwa uwanjani, nikiwa napura mtama. Kule mbali kwenye majabali akatokeza mtu amebeba kuku asiyeonekana. Wenzangu wakapiga vigelegele wakakimbia. Mimi sikukimbia. Nilishika fimbo yangu ya kupuria nikasimama, nikamtazama kutoka kwenye majabali, akashuka korongo, akapanda, akakatiza shamba la mtama, akapita zizi, kivuli chake kifupi kiko chini ya miguu yake na hakiruki popote. Nilitaka nimwone akija yote, bila kovu. Alipofika mbele yangu macho yalikuwa yananiuma kwa kutopepesa.

Kikaratasi cha bwana sinema ndicho kilichomleta. Nisiwafiche: alikuwa na mwanamke huko, ndiyo maana ya kimya. Nilimkasirikia miaka, na watoto wetu wanne walizaliwa ndani ya hasira hizo. Lakini mjane sikuwa.

Siku moja nilimwuliza habari ya soko lile. Akacheka. "Soko gani? Ilikuwa yadi ya nyuma ya ghala. Mzungu wa picha aliona ni kimya mno, akapanga machungwa chini, akatuambia wachukuzi tupite nyuma ya yule mtu. Mimi nilipita mara tatu."

"Mimi nilikuona mara moja."

"Mara ya pili gunia liliniponyoka. Wakasema haifai."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza niliitazama mashine. Mzungu akafoka, akasema hapo nimeharibu, mpita njia hatakiwi kuwatazama watakaoiona picha."

Amekwisha kufa sasa, nimemzika mwenyewe, matanga tumeketi ya kweli. Lakini kipande kile cha kwanza bado nakifikiria. Kilikatwa kwa mkasi kikatupwa, sijui kwenye kopo gani, sijui kwenye jalala gani la mji ule. Humo ndani mume wangu ana gunia begani na mfuko wangu nyongani, amegeuza uso, ananitazama.